Siku za Mbalamwezi

Usipa wa Ziwa Nyasa huvuliwa gizani. Wavuvi wa Lituhi husubiri mwezi upotee, kisha hutoka na taa zao, wakaziwasha juu ya maji meusi, na samaki hao wadogo huufuata mwanga mpaka kwenye nyavu. Mwezi ukikua, ziwa lote linang'aa na taa inakosa nguvu. Mitumbwi hubaki mchangani. Kwa hiyo kijiji chetu kina kalenda yake: kuna siku za giza, zenye hela na zisizo na usingizi, na kuna siku za mbalamwezi, zenye usingizi wa kutosha na muda ambao mtu hajui aupeleke wapi.

Siku hizi muda huo una pa kwenda. Kwenye njia ya kutoka ufukweni, nje ya duka la mama mmoja anayeuza sabuni, sukari na vocha, kuna mashine ya kamari. Sehemu nyingine za Tanzania huziita dubwi, kwingine bonanza. Kwetu vijana huiita tu "mashine", kama vile hakuna mashine nyingine duniani. Siku za giza inakaa peke yake, ikijiimbia wimbo wake wa kengele. Siku za mbalamwezi huwezi kuiona kwa migongo ya watu.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari Songea. Nyumbani ni Lituhi, pale Mto Ruhuhu unapomaliza safari yake na kuingia ziwani, ng'ambo yake ikiwa Ludewa. Likizo ya Juni nilishuka kwa njia ya Kitai, nikiwa nimejaa vumbi la malori ya makaa ya mawe, nikamkuta mama ana neno moja tu la kuniambia kabla sijavua viatu: "Kaongee na mdogo wako."

Mdogo wangu ni baharia katika chombo cha mtu mwingine. Baada ya kutoa gharama za mafuta na sehemu ya mwenye chombo, kinachobaki wanagawana. Alikuwa anaweka mgawo wake kwenye simu ili anunue kipande chake cha nyavu, kwa sababu mwenye nyavu hupata zaidi ya mwenye mikono mitupu. Hakunificha. Alinipa simu nisome meseji mwenyewe. Mwezi Machi kulikuwa na 310,000. Siku ile nasoma kulikuwa na 46,000. Katikati hapakuwa na ugonjwa, msiba wala mahari. Palikuwa na meseji za kutoa pesa kwa wakala, 5,000, 10,000, 5,000, nyingine zikiwa zimepishana kwa dakika ishirini.

Sikumwambia lolote siku hiyo. Kesho yake nilichukua daftari, nikaenda kuitazama mashine.

Ni sanduku lenye kimo cha mtoto wa darasa la tano. Mbele kuna kioo, na ndani ya kioo picha 24 zimepangwa kwa umbo la mraba: matufaha, machungwa, maembe, matikiti, kengele, nyota, namba 77 na neno BAR. Chini yake kuna vitufe vinane, kila picha na kitufe chake. Unaingiza sarafu ya shilingi 200, ile yenye sura ya Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Unachagua picha, unabonyeza, na mwanga unaanza kukimbia kuuzunguka mraba. Mwanzo unakwenda kwa kasi, kisha unapunguza mwendo, ukilia kila unapopita picha, mpaka unasimama. Ukisimama kwenye picha uliyoichagua, umekula. Ukisimama kwingine, imekula. Kitenzi ni kilekile kwa pande zote mbili.

Nilisimama nyuma ya vijana nikahesabu. Matufaha yalikuwa manne, na tufaha hulipa mara 5. Machungwa yalikuwa mawili, hulipa mara 10. BAR ilikuwa moja tu, hulipa mara 50. Haya ni maswali ninayoyatunga kila mwaka kwa ajili ya mtihani, tofauti ni kwamba mimi hutumia mipira ndani ya mfuko.

Anza na tufaha. Manne kati ya 24 ni nafasi moja katika sita. Ukicheza mara sita umetoa 1,200, na kwa wastani utashinda mara moja na kupata 1,000. Umepoteza 200. Chungwa: nafasi moja katika kumi na mbili. Ukicheza mara kumi na mbili umetoa 2,400, unapata 2,000. Uwiano ni uleule, kama asilimia 83 ya ulichotoa. Mpaka hapo hesabu inaeleweka. Mwenye mashine anabaki na sehemu yake, kama mwenye chombo.

Halafu nikafika kwenye BAR. Moja kati ya 24. Ukicheza mara 24 umetoa 4,800. Ukishinda mara moja unapata 10,000.

Kalamu ilisimama. Nikarudia. Kama picha zote zina nafasi sawa, basi mtu yeyote mwenye uvumilivu wa kubonyeza BAR peke yake kutwa nzima angeondoka na zaidi ya mara mbili ya hela yake, na mashine isingemaliza wiki. Lakini ilikuwa imekaa pale zaidi ya mwaka, na mwenyewe huja na pikipiki, anafungua kwa funguo, anamimina sarafu kwenye mfuko, anaondoka. Biashara haifi. Kwa hiyo picha hazina nafasi sawa. Kile tunachokiona kwenye kioo si mfuko wenye mipira. Ni picha ya mfuko.

Hili ndilo jambo ambalo nilitaka mdogo wangu alione. Watu wengi huamini kwamba mwanga unakimbia ukitafuta pa kusimama, na kwamba unaweza kuteleza kidogo huku au kule, kama gurudumu la baiskeli lililopinduliwa. Sivyo. Ndani ya sanduku kuna kompyuta ndogo. Unapobonyeza kitufe, programu inachomoa namba, na namba hiyo tayari ina jibu. Mbio zote zinazofuata, mlio, kupunguza mwendo, kusita kati ya tikiti na BAR, ni maonyesho tu. Mwanga unakwenda mahali ulikokwisha kutumwa. Na namba za ndani si 24. Zinaweza kuwa mamia au maelfu, na picha moja ikapewa nyingi huku nyingine ikipewa chache sana.

Ujanja huo una historia. Mashine ya kwanza iliyopata umaarufu, Liberty Bell, ilitengenezwa na Charles Fey huko San Francisco mwishoni mwa karne ya 19. Ilikuwa na magurudumu matatu ya chuma na mkono wa kuvuta. Ulichokiona ndicho kilichokuwepo: gurudumu likiwa na picha kumi, nafasi ni moja katika kumi. Matunda yaliingia mapema karne ya 20, wakati baadhi ya mashine zilitoa pipi za kutafuna badala ya fedha ili kukwepa sheria za kamari, na matunda yakawa alama ya ladha. Hata hilo neno BAR, ambalo vijana wa Lituhi hulitamka kwa heshima, mara nyingi huhusishwa na nembo ya kampuni ya pipi hizo. Kisha mwaka 1984 Inge Telnaes alipewa hataza nchini Marekani kwa uvumbuzi wa kutenganisha gurudumu linaloonekana na gurudumu la namba lililo ndani ya kompyuta. Tangu hapo mashine iliweza kuonyesha nafasi moja machoni na kutoa nafasi nyingine kabisa mfukoni.

Siku ya tatu nilimwita mdogo wangu. Tulikaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, mwezi ukiwa karibu mpevu, nikamwonyesha daftari. Alisoma kimya. Alikuwa mzuri wa hesabu kabla hajaacha shule.

"Lakini Dada," akasema, "mimi BAR niliipata. Mwezi wa tatu. Mia mbili ikaleta elfu kumi."

"Najua. Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nilijua inatoka."

Ningeweza kumwambia kuhusu njiwa, na nilimwambia. Katikati ya karne iliyopita mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alifundisha njiwa kudonoa kitufe ili wapate punje. Punje zikitoka kila baada ya idadi ileile ya midonoo, njiwa hudonoa kwa mpango, akila anapumzika. Zikitoka bila mpangilio, mara baada ya midonoo mitatu, mara baada ya hamsini, njiwa hudonoa bila kupumzika, na hata punje zikikatwa kabisa anaendelea kwa muda mrefu. Skinner mwenyewe aliona kwamba hivyo ndivyo mashine za kamari zinavyolipa. Mdogo wangu alicheka. "Kwa hiyo mimi ni njiwa?" Kisha akanyamaza, akasema usipa nao ni hivyohivyo. Unaweza kutoka usiku mitatu ukarudi na ndoo moja, wa nne ukashindwa kuvuta nyavu kwa uzito. "Hata ziwa ni kamari, Dada."

Hoja hiyo nilikuwa nimeisikia kwa wengi pale dukani, na haikuwa ya kijinga. Kila mtu wa Lituhi anaishi kwa jambo asiloweza kuliamuru. Ndiyo maana mashine iliingia kwetu kirahisi: iliongea lugha tuliyokuwa tunaijua tayari, ya kusubiri, kukosa na kurudi.

Nilimuuliza swali moja. Katika chombo chao, nani anayeamua waelekee wapi? Akanitajia mzee wao, ambaye amevua kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwa nini yeye? Kwa sababu anajua maji, anajua upepo, akitazama ndege anajua samaki wako wapi. Usiku ambao wamekosa, anasema wamekosa kwa nini, na kesho yake wanabadilisha.

"Na pale kwenye mashine, nani ndiye mzee?"

Alifikiri muda mrefu. Yupo kijana mmoja aliyeanza kucheza siku mashine ilipofika. Ana mbinu zake, anajua mlio, anajua saa. Nilimuuliza kama huyo anapata kuliko mgeni aliyeanza jana. Akasema hapana, yeye ndiye anayedaiwa kuliko wote.

Huo ndio mpaka kati ya ziwa na mashine. Bahati ya ziwa inakupa kitu hata unapokosa. Usiku mbaya unabaki kichwani kama elimu. Bahati ya mashine haina cha kufundisha. Mwanga ukisimama picha moja mbele ya BAR, mwili unasema "karibu!", lakini hakuna karibu pale. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Luke Clark, Chuo Kikuu cha Cambridge, waliangalia ubongo wa watu wanaocheza mchezo wa namna hii, wakaona kukosa kwa chupuchupu kunaamsha baadhi ya sehemu zilezile zinazoamka mtu anaposhinda, na kunaongeza hamu ya kucheza tena. Mvuvi aliyekosa kwa chupuchupu ana habari ya kufanyia kazi. Mchezaji ana hamu tu.

Tulipiga hesabu moja ya mwisho. Nilikuwa nimepima kwa simu: mzunguko mmoja, pamoja na kuingiza sarafu, ulichukua kama sekunde 10. Hiyo ni mizunguko 360 kwa saa, yaani 72,000. Mdogo wangu akakataa, hajawahi kukaa pale na 72,000. Kweli, hukaa na 10,000. Lakini ushindi mdogo haurudi mfukoni, unarudi kwenye tundu. Tuchukulie mashine inarudisha hizo asilimia 83 za tufaha. Elfu kumi ikipita mara moja inabaki 8,300. Mara ya pili 6,889. Mara ya tatu 5,718. Mara ya tano haifiki 4,000. Kwa mwendo ule, kwa wastani, 10,000 inaisha kabla ya saa moja, na katika saa hiyo mtu ameshinda mara nyingi, amepiga kelele, amepigwa mgongoni na wenzake. Atarudi nyumbani akikumbuka ushindi. Na hiyo 83 tumeisoma kwenye picha. Asilimia ya kweli anaijua mwenye funguo.

Vijana husema mashine ikila sana lazima itatema. Nilimwambia ukweli wote: katika mashine zinazochomoa namba upya kila mara, mzunguko wa sasa haujui uliopita. Zipo pia aina ambazo hujirekebisha ili malipo yafikie kiwango kilichopangwa, kwa hiyo kutema kupo. Lakini hata zikitema, zinatema chini ya zilichokula, na hazimrudishii aliyeliwa.

Kesho yake nilipita dukani. Mama mwenye duka alinikaribisha kwa aibu kidogo, kama mtu aliyekuwa ananisubiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Najua ulilojia. Mashine si yangu, mimi napewa sehemu. Ikitoka hapa inahamia duka la jirani."

Alikuwa anasema kweli. Akaniambia sehemu hiyo ndiyo inayolipia umeme wa duka na kumweka binti yake shuleni. Akaniambia pia kwamba tangu mashine ije, anauza sabuni kidogo kuliko zamani. Alisema hayo mawili kwa pumzi moja, akaniachia niyapatanishe.

Tukiwa tunaongea, mvulana mwenye kaptula ya bluu ya shule alisimama juu ya kreti ya soda ili afikie vitufe. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inataka mashine kama hizi ziwe na leseni, na mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Mama alimfukuza kwa kitambaa cha kufutia kaunta. Mvulana alikwenda hatua kumi, akageuka, akasubiri. Wataalamu wa afya ya akili sasa huiweka kamari iliyomshinda mtu pamoja na uraibu mwingine. Marekani walifanya hivyo katika mwongozo wao wa mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani lina jina lake katika orodha ya magonjwa. Lakini kutoka Lituhi, mraibu wa kamari angeanzia kwa nani? Yupo mama yake. Yupo dada yake, mara mbili kwa mwaka.

Mdogo wangu alikuwa ameielewa hesabu. Aliniambia hivyo mwenyewe usiku wa mwisho, na akaongeza jambo ambalo daftari langu halikuwa nalo.

"Nimeelewa, Dada. BAR ni uongo. Lakini mbalamwezi ni siku kumi, kumi na mbili. Wenzangu wote wako pale. Nisipokwenda pale, nakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilitaja bustani ya mihogo ya mama, nilitaja kushona nyavu, na nilisikia sauti yangu ikiwa sauti ya mwalimu wa zamu. Aliyepata neno ni mama, aliyekuwa anasikiliza kutoka jikoni. Alisema mgawo wake asiuchukue kwa hela. Auchukue kwa usipa. Yeye ataanika, ataweka kwenye ndoo, na mimi nitauza Songea kwa walimu wenzangu na kutunza hela ya nyavu.

"Usipa hauingii kwenye lile tundu," alisema mama, akaendelea kukoroga ugali.

Julai zilikuja ndoo mbili za lita ishirini, juu ya basi, zimefungwa kwa kanga kuukuu. Nilipima kwa sado, zikatoka kumi. Niliuza kila sado 12,000 katika ofisi ya walimu, siku mbili zikaisha. Nikaandika 120,000 katika daftari lilelile, ukurasa unaofuata baada ya hesabu za tufaha na BAR.

Agosti hakuna kilichokuja. Nilipopiga simu mdogo wangu alisema upepo ulikuwa mkali, hawakutoka hata usiku mitano. Nilimwomba anipe mama. Mama alisema ni kweli, upepo ulikuwa mkali. Alikawia kidogo kabla ya kusema, au labda ni mtandao.

Sikuuliza mara ya pili. Kipande cha nyavu anachokitaka bado kiko mbali na hizo 120,000. Leo nimetazama kalenda: mwezi umeanza kupungua, na giza litafika baada ya siku tisa.